Familia, Mizigo na Mnyama Juu ya Bahari: Bibi Zetu Walivukaje?



Biharusi mmoja niliyemshonea mwaka huu aliniletea swali ambalo sikulizoea kulisikia katika chumba cha cherehani. Ameolewa na kijana Muislamu wa Uingereza na sasa anaishi Portsmouth. Wakwe zake, ambao si Waislamu, wana gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, nyumba kamili juu ya magurudumu. Kiangazi wanataka familia yote iende Ufaransa: gari lipande meli, watu wapande, na mbwa wao apande. Yeye hakuuliza nguo za kuvaa tu. Aliuliza kama mambo haya yana asili yoyote kwetu, au ndiyo anaingia katika ugeni mtupu.

Nimelifikiria swali hilo, nikaona jibu lake ni refu kuliko mazungumzo ya kupima nguo. Sisi ni watu wa kisiwa. Kabla hawajakuwapo hao wenye magari ya vitanda, familia za Unguja zilikuwa zikivuka bahari na jiko lao, magodoro yao, watoto wao na wanyama wao. Tena kazi ya kuipanga safari hiyo ilikuwa mikononi mwa wanawake. Kwa hiyo leo tuitazame historia yetu wenyewe, kisha tumjibu biharusi wetu, na yeyote kati yenu anayetaka kuvuka na watoto, hata kama anaishia Pemba au Dar es Salaam.

Chombo cha kwanza kilikuwa cha familia

Kila mmoja wetu amesoma chuoni kisa cha Nabii Nuhu, amani iwe juu yake. Tukikisikia huwa tunafikiria tufani. Mimi kama mama huangalia jambo jingine: ile safina ilikuwa na watu wa nyumbani na wanyama, wawili wawili, na kila mmoja aliingizwa kwa amri, kwa hesabu na kwa mahali pake. Chombo kilijengwa kwanza, kazi ngumu, watu wakicheka. Kisha wakapanda, na wakapanda kwa jina la Mwenyezi Mungu. Ile dua ya kupanda chombo tunayowafundisha watoto wetu imo katika Surat Hud, na ni maneno ya Nabii Nuhu mwenyewe.

Angalieni mpangilio huo: mbao kwanza, hesabu baadaye, dua juu yake. Dua haikuja kuziba pahala pa ubao uliokosekana. Mtume wetu (s.a.w.) alimfundisha Bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha ategemee. Kila nitakachosema hapa chini kinarudi kwenye jambo hilo.

Masurufu ya Mtoni

Ukitoka mjini kwa njia ya Bububu unapita Mtoni, ambapo magofu ya jumba la Seyyid Said yako mpaka leo ukingoni mwa bahari. Hapo ndipo alipozaliwa Sayyida Salme mwaka 1844. Maisha yake ya baadaye yalikwenda njia nyingine. Aliondoka Unguja mwaka 1866 kwa manowari ya Waingereza, akaolewa na Mjerumani na akabadilisha dini, na kila anayekisoma kisa chake ana la kusema. Lakini kitabu alichokichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886 kimetuhifadhia jambo ambalo wanahistoria wanaume wengi hawakuliona kuwa na maana, nalo ni jinsi nyumba ilivyokuwa ikiendeshwa.

Anaeleza kuwa uwanja wa Mtoni ulijaa wanyama: paa, tausi, bata, hata mbuni, ambao watoto waliyaokota mayai yao na kuyapeleka jikoni. Anaeleza pia matayarisho ya baba yake kila alipotaka kwenda Oman. Ilibidi ioke mikate mikavu ya kuwatosha watu wapatao elfu moja kwa wiki nane mpaka kumi za bahari. Nyama ya chumvi haikuwa desturi, na chakula cha makopo, hata kama kingepatikana, kisingeliwa kwa kuogopa kisiwe halali. Kwa hiyo mifugo ilipandishwa chomboni hai, wa kuchinjwa na wa kukamuliwa maziwa.

Dada zangu, hebu simameni hapo kidogo. Watu elfu moja, wiki kumi, na kila kinachotiwa mdomoni lazima kiwe halali. Nani aliyekaa akahesabu unga? Nani aliyejua samli itatosha lini? Kazi hizo za jikoni zilibebwa na wanawake, wenyeji na watumwa, na hatuna budi kusema hivyo kwa ukweli, kwani jumba lile lilisimama juu ya migongo ya watu wasio huru. Majina yao mengi hayakuandikwa. Hesabu yao ndiyo iliyowafikisha watu Maskati wakiwa hai.

Na bahari haikumwogopa mfalme. Seyyid Said mwenyewe alifariki chomboni mwezi wa Oktoba 1856, akiwa njiani kurudi Unguja kutoka Oman.

Chumba cha chini ya tezi

Wasio wafalme walisafiri kwa majahazi. Vyombo vya Arabuni na Ghuba vilishuka kwetu kwa upepo wa kaskazi, kuanzia kama Novemba au Disemba, vikarudi kwa kusi. Mwenye kukosa pepo alikaa mpaka msimu mwingine. Ndiyo maana hata ndoa nyingi za pwani hii zina asili ya upepo: mtu amekuja na kaskazi, kusi imemkuta ana mke.

Kabla ya misumari kuenea palikuwa na mtepe, chombo ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za usumba na tanga lake lilikuwa la mkeka. Sisi mafundi cherehani tuna haki ya kujivunia hapo: watu wa pwani hii walivuka bahari kwa mshono. Mshono ukilegea maji yanaingia, na kila safari ilipoisha ulikaguliwa na kushonwa upya. Mtepe umekwisha kwa matumizi. Waliojaaliwa kuingia Beit al-Ajaib kabla sehemu ya jengo haijaanguka Disemba 2020 walikuwa wakiuona mfano wake ukumbini.

Mwaka 1938 baharia wa Australia aitwaye Alan Villiers alipanda jahazi la Kuwait, nahodha wake Ali Nejdi, akafika nalo Unguja mwaka 1939 na baadaye katika mikoko ya Rufiji. Aliandika aliyoyaona. Huko Shihr, pwani ya Hadhramaut, chombo kilipakia abiria zaidi ya mia. Wanaume walikaa juu, kila mtu na kipande chake cha sitaha, mkeka wake na kasha lake. Wanawake waliwekwa chini, katika chumba cha tezi chenye giza na hewa kidogo, na huko wakakaa njia nzima.

Nikisoma hayo siwezi kuyapamba. Sitara ilipatikana, lakini kwa joto, giza na harufu ya maji ya ngama. Waliovumilia walikuwa wake wanaofuata waume, wengine na watoto mikononi. Tukisema bibi zetu walikuwa wasafiri hodari, tuseme na hili pia: uhodari wao haukuwa wa hiari wakati wote. Sitara ni haki ya mwanamke na hewa nayo ni haki yake. Chombo kizuri humpa vyote viwili.

Baadaye zikaja meli za moshi. Kwa miaka mingi meli za kampuni ya British India, kama Karanja na Kampala, ziliunganisha Bombay na Mombasa, Unguja na Dar es Salaam. Wengi hawakuwa na uwezo wa chumba, wakasafiri sitahani. Familia ilitandika magodoro, ikafunga shuka kuwa pazia, ikatoa vyakula ilivyotayarisha nyumbani. Ni ile ile nyumba inayohama, isipokuwa kuta zake ni kanga na shuka.

Kasha, dago na msimu wa karafuu

Msidhani safari hizo zilikuwa za mbali tu. Hapa hapa visiwani nyumba zimekuwa zikihama na kurudi.

Wavuvi wetu wana neno dago, yaani kambi ya msimu. Wanavuka kwenda kisiwa kingine au pwani ya mbali, wanajenga vibanda, wanakaa wiki au miezi, kisha wanarudi. Msimu wa karafuu ukifika, watu wa Unguja walivuka kwenda Pemba kuchuma, na mizigo yao ilikuwa vyungu, mikeka na nguo za kazi. Kusini, watu wa Makunduchi waliotawanyika mjini hurudi kwao kwa Mwaka Kogwa mwezi wa Julai, na gari la kwenda huko hujaa masufuria kama duka.

Na biharusi alivuka na kasha lake. Lile kasha la mbao nzito lililopigwa shaba, ambalo leo mnalipiga picha tu katika mahoteli ya Mji Mkongwe, lilikuwa kabati, benki na kiti cha safari kwa pamoja. Ndani yake zimo kanga, udi, dhahabu na vitu vya siri alivyopewa na somo wake. Lilikuwa na kufuli, na ufunguo alikuwa nao mwenyewe, si mtu mwingine. Maharusi wa leo wanaokuja kwangu wakitaka mikoba ya kwendea fungate huwaambia: chochote utakachonunua kiwe na kufuli, na ufunguo uwe kwako.

Magurudumu yanaingia chomboni

Nyumba juu ya magurudumu nayo si ngeni sana. Mwaka 1879 Sultani Barghash alijengewa reli ndogo kutoka mjini kwenda jumba lake la Chukwani, mabehewa yakivutwa na nyumbu kwanza, kisha garimoshi dogo likaletwa kutoka Uingereza. Mwaka 1905 ikajengwa reli nyingine, ya mjini mpaka Bububu, maili saba tu, nayo ilikwisha katika miaka ya 1920. Baada yake yalitawala malori ya bodi za mbao, wazee wetu wakayaita chai maharage, ambamo mama, mtoto, mbuzi na gunia la mihogo walikaa ubavu kwa ubavu.

Kilichobadilika katika zama zetu ni kwamba gari nalo linavuka bahari. Boti za kasi zinatufikisha Dar es Salaam kwa kama saa mbili, na mimi nazitumia kila nikienda Kariakoo kutafuta vitambaa. Zipo pia meli zinazobeba abiria pamoja na magari, kama Azam Sealink, na serikali ilileta MV Mapinduzi II mwishoni mwa 2015. Gari linaingia kwa mlango mkubwa, linafungwa, abiria wanapanda juu.

Meli ya magari ni neema, lakini ina hatari yake ambayo jahazi halikuwa nayo. Sitaha ya magari ni ukumbi mmoja mrefu usio na kuta za kuyazuia maji. Yakiingia humo, hukimbilia upande mmoja, na meli hulala ghafla. Tarehe 6 Machi 1987, pale Zeebrugge nchini Ubelgiji, meli iitwayo Herald of Free Enterprise iliondoka bandarini mlango wake wa mbele ukiwa wazi. Ilipinduka kwa dakika chache na watu 193 wakafa. Mlango haukufungwa, basi. Ni kama ubao mmoja wa safina.

Na jirani zetu wa Mombasa hawajasahau tarehe 29 Septemba 2019. Katika kivuko cha Likoni gari lilirudi nyuma likatumbukia baharini, na ndani yake walikuwamo mama na binti yake mdogo. Mwenyezi Mungu awarehemu. Tangu siku hiyo sikai ndani ya gari kwenye kivuko chochote, hata dakika tano, na watoto wangu wanalijua hilo kama wanavyojua kunawa mikono.

Hesabu iliyopotea

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, na nitasema kwa upole kwa sababu wengi wanaosoma wana mtu wao huko chini.

Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Idi, MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Ilikuwa na kibali cha kubeba watu wasiofika mia saba. Tume iliyoundwa baadaye ilikuta kuwa waliokuwamo walizidi elfu mbili. Mwaka haujapita, tarehe 18 Julai 2012, siku chache tu kabla ya Ramadhani, MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam ikazama karibu na Chumbe. Familia zilikuwa zinakuja kufunga nyumbani.

Nani alikuwamo katika vyombo vile? Si wafanyabiashara peke yao. Walikuwamo akina mama na watoto wa skuli wanaorudi kutoka sikukuu, maharusi, wazee, na mizigo ya nyumbani: mchele, magodoro, zawadi. Ni ile ile safari ya familia niliyokuwa naielezea tangu mwanzo, isipokuwa kitu kimoja kilikosekana. Jikoni Mtoni mikate ilihesabiwa kwa vichwa. Bandarini mwaka 2011 vichwa vyenyewe havikuhesabiwa.

Habari za siku zile zilieleza kuwa wapo waliokiona chombo kimejaa, wakakataa kupanda. Nawafikiria sana watu hao. Hakuna aliyejua jina lao siku ile, labda mtu aliwacheka, labda nauli yao ilipotea na mjomba akawangoja bure bandarini. Wao waliisoma hali, wakasema hapana. Kukataa kule hakukuwa upungufu wa imani. Ndiyo maana ya kumfunga ngamia.

Sisi wanawake tumelelewa kutokuwa wagumu safarini. Ukisema chombo kimejaa unaambiwa una wasiwasi, utatuchelewesha, Mungu yupo. Ndiyo, yupo, na akatupa macho. Mama mwenye watoto watatu ana haki ya kushuka na tiketi yake mkononi, na mume mwenye busara atashuka naye bila ya kununa.

Na mbwa je?

Sasa tumfikie mbwa, maana najua wengine mmeruka aya zote kuja hapa.

Wanyama katika vyombo vyetu wamekuwapo daima: mbuzi, kuku, ng'ombe, punda weupe wa Maskati waliokuja kwa jahazi, na paka ambaye mabaharia walimpenda kwa sababu ya panya. Mbwa alikuwa na daraja lake. Huku Unguja hatukumlaza ndani, lakini tusiseme hatukuwa naye. Wasasi wa mashamba ya kusini na mashariki wamewinda na mbwa kwa vizazi, hasa nguruwe mwitu wanaomaliza mihogo na viazi vya watu. Bila ya mbwa wale, wakulima wengi wangelala njaa.

Dini imempangia mahali. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, mate ya mbwa na unyevu wake ni najisi nzito. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hadithi zimekataza kumfuga bila ya haja, na zikaruhusu wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na wanavyuoni wengi wakamlinganisha nao wa ulinzi. Lakini Qur'ani hiyo hiyo imemtaja mbwa wa watu wa pangoni akiwa pamoja nao mlangoni, na imehalalisha kilichokamatwa na mnyama wa kuwinda aliyefundishwa. Na mnakijua kisa cha yule mwanamke mwenye madhambi aliyemteremshia mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, akasamehewa. Najisi ni suala la kuosha. Ukatili ni suala jingine, na hauna ruhusa.

Iko na sababu ya afya, na hii ni historia ya juzi tu. Pemba ilianza kuchanja mbwa dhidi ya kichaa cha mbwa mwaka 2010, kisiwa kizima. Kufikia Mei 2014 ugonjwa ulikuwa umekatika. Kisha chanjo zikalegea. Mwishoni mwa 2016 ugonjwa uliingia tena kisiwani mara mbili, ukasambaa. Chanjo zikarudishwa kila pembe, na Oktoba 2018 ukakatika tena. Watafiti waliufuatilia mbwa kwa mbwa, mpaka asili za virusi vyenyewe. Maana yake ni nini kwa mama wa nyumbani? Maana yake kisiwa kina ukuta wa maji, na chombo ndicho mlango wake. Mbwa mmoja asiye na chanjo anayevushwa kimyakimya anaweza kufungua kilichofungwa kwa miaka minne. Mwenye kumvusha mnyama bila ya cheti cha daktari wa mifugo hajifanyii hila peke yake. Anamfanyia mtoto wa jirani.

Jibu la biharusi wa Portsmouth

Kwanza, Portsmouth si mji mgeni kwa Wazanzibari. Sultani wa mwisho, Jamshid bin Abdullah, aliondoka Unguja kwa meli mwezi wa Januari 1964 na jamaa zake, na mji aliokaa zaidi ya miaka hamsini ndio huo, mpaka aliporuhusiwa kurudi Oman mwaka 2020. Familia nyingine kutoka kwetu zimo humo. Na ni bandari: meli za kwenda Ufaransa na Hispania hutokea hapo, na ya Ouistreham, karibu na Caen, huchukua kama saa sita mchana.

Pili, mbwa. Waingereza nao ni watu wa kisiwa na walikuwa wakali kuliko sisi. Mpaka mwaka 2000, mbwa aliyetoka nje aliwekwa karantini miezi sita. Sasa, kwa masharti yaliyoanza 2021, mbwa wa kwenda Ufaransa awe na alama ya kielektroniki chini ya ngozi, chanjo ya kichaa iliyotimiza siku 21, na cheti cha afya kilichotolewa na daktari ndani ya siku kumi kabla ya safari. Kurudi, apewe dawa ya tegu na daktari, si chini ya saa 24 wala si zaidi ya siku tano kabla ya kuingia Uingereza. Masharti hubadilika, kwa hiyo wakwe wathibitishe kwa daktari wao mapema. Cheti kikikosewa, familia nzima inabaki bandarini.

Tatu, makazi. Mbwa ni wa wakwe, gari ni lao, na wao si wa dini yako. Waheshimu na uombe unachokihitaji kwa lugha nzuri kabla ya safari, si katikati ya njia. Mbwa awe na mahali pake pa kulala na chombo chake cha kula. Kitanda chako kiwe na shuka zako, na msala wako ukae ndani ya mfuko unaofungwa. Masufuria yako mawili yawe na alama, kwa sababu ya mbwa na kwa sababu ya nyama isiyo halali. Kama nafasi ni finyu, chukueni chumba cha kulala mahali pengine usiku na mchana msafiri pamoja. Haya si kuwabagua wakwe. Kasha la bibi yako lilikuwa na kufuli, na hakuna aliyemwona mbaguzi. Undani wa hukumu, na za kupunguza na kukusanya sala, muulize sheikh unayemwamini ukimpa masafa na siku zako kamili.

Nne, meli. Mkishaegesha, sote tunatoka garini tunapanda juu, na watoto wameshikwa mikono. Soma njia ya kutokea kabla ya kutafuta kiti. Jua maboya yako wapi na kama yapo ya saizi ya mtoto. Wahesabu watu wako mara tatu: kabla ya kupanda, baada ya kupanda, na kabla ya kushuka.

Na sisi wa huku, tunaopanda boti pale Malindi, tuna la kuongeza. Toa jina la kila mtu wako linapoandikwa tiketi, hata la mtoto wa mgongoni, kwa sababu asiyeandikwa hatafutwi. Sikiliza utabiri wa hali ya hewa, hasa kusi inapovuma. Usinunue tiketi ya mtu mwingine. Na ukiona chombo kimepita kiasi, shuka.

Bibi zetu hawakuwa na simu wala boya. Walikuwa na mikate iliyohesabiwa, kasha lenye kufuli, na dua ya Nabii Nuhu midomoni. Sisi tumezidishiwa vitu, basi na hesabu isipungue. Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliochukuliwa na bahari yetu, awalinde wanaovuka leo usiku, na amfikishe biharusi wetu salama na watu wake wote. Amin.